Kurasa nane, zote zimeandikwa Uvinza: jinsi ya kufanya kila kundi la data libebe kichwa chake kwenye SAS

Simu ilikuja saa mbili asubuhi, mratibu mmoja kutoka Kibondo, ananisalimia vizuri kabisa halafu ananiuliza, "Kaka, hii ripoti uliyotutumia ni ya kwetu kweli? Maana vituo ni vya kwetu, ila juu imeandikwa Uvinza." Nikafungua laptopu hapo hapo, nikaangalia. Kurasa nane za halmashauri nane za mkoa wa Kigoma, na kila ukurasa juu umeandikwa Uvinza. Buhigwe Uvinza, Kakonko Uvinza, Manispaa nayo Uvinza. Namba zilikuwa sahihi zote, kichwa tu ndo kilikuwa cha uongo, na kwa mtu anayesoma ripoti kichwa kikiwa cha uongo basi namba zenyewe hana sababu ya kuziamini.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu nimeona vijana wengi wanaojifunza SAS (programu ya kuchambua takwimu) wanakwama hapohapo, na maelezo mengi wanayokutana nayo yanakupa dawa bila kukwambia ugonjwa. Ugonjwa ni mmoja: hujui jina linajazwa SAA NGAPI kwenye kichwa. Ukishaelewa saa, mengine yote yanakaa sawa.

Nilichokuwa nimeandika ni hiki hapa (halm ni safu ya halmashauri, data imeshapangwa kwa halm):

data _null_;
  set vipimo;
  call symputx('h', halm);
run;
title "Vipimo vya malaria, &h";
proc print data=vipimo;
  by halm;
run;

Ukiisoma haraka inaonekana ina mantiki, unapita kila mstari wa data, unachukua jina la halmashauri unaliweka kwenye kigeu cha makro (jina linaloshika maandishi ya kubandikwa kwenye programu) kinachoitwa h, halafu kichwa kinalitumia. Lakini angalia kinachotokea kweli. Ile data step (kile kipande cha juu kinachoanza na neno data) inakimbia kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kila mstari unaandika juu ya ule uliopita, h inakuwa Buhigwe, inakuwa Kakonko, inaendelea hivyo, na ikimaliza iliyobaki ni ya mwisho kwa alfabeti ambayo kwa mkoa wetu ni Uvinza. Ndipo SAS inakuja kwenye mstari wa title, inakuta &h, inaibadilisha kuwa Uvinza MARA MOJA, na kuanzia hapo kile kichwa ni maandishi ya kawaida tu kama vile umeyapiga mwenyewe kwa mkono. PROC PRINT (amri ya kuchapa jedwali) ikija kuchapa makundi nane haina habari kwamba pale palikuwa na kitu cha kubadilika.

Mimi huwa nawaelezea watu kwa treni ya reli ya kati. Kigeu cha makro ni bango lililobandikwa kwenye behewa pale stesheni ya Kigoma kabla treni haijaondoka. Umeandika Uvinza? Basi utafika Kaliua bango linasema Uvinza, utafika Urambo Uvinza, mpaka Tabora bado Uvinza. Unachokihitaji wewe ni mtu aliyemo ndani ya treni ambaye kila ikisimama anachungulia nje na kutaja jina la pale mlipofika. Na SAS inaye huyo mtu, anaitwa #BYVAL.

proc sort data=vipimo;
  by halm;
run;
options nobyline;
title "Vipimo vya malaria, #byval(halm)";
proc print data=vipimo noobs;
  by halm;
  var kituo mwezi waliopimwa;
run;
options byline;
title;

Hapa ile #byval(halm) SAS inaiacha kama ilivyo wakati inasoma programu, haiigusi, na inakuja kuijaza wakati wa kuchapa, kila kundi linapoanza. Ukurasa wa kwanza Buhigwe, wa pili Kakonko, na kuendelea. Hakuna makro hata moja.

Ile options nobyline watu wengi wanaiacha halafu wanashangaa. Kwa kawaida ukitumia BY (mstari unaogawa data kwa makundi), SAS yenyewe inachapa mstari mdogo juu ya kila kundi, kitu kama halm=Buhigwe (kama safu ina lebo itatumia lebo badala ya jina la safu). Ukiwa na kichwa kizuri na ule mstari pia upo, unakuwa na jina mara mbili, ukurasa unaonekana kama umeandikwa na watu wawili ambao hawakuongea. NOBYLINE inauzima. Ina faida ya pili ambayo kwangu ni kubwa zaidi, kwamba ukiizima hivyo PROC PRINT na PROC MEANS zinaanza ukurasa mpya kwa kila kundi, maana kichwa kinakaa juu ya ukurasa na makundi mawili yakikaa ukurasa mmoja kichwa kimoja hakiwezi kusema ukweli kwa wote wawili. Ukimaliza rudisha byline, na andika title; tupu ili ufute kichwa, kwa sababu kichwa kwenye SAS hakifi chenyewe, ukikiweka kitaendelea kukaa kwenye kila kitu utakachochapa baadae mpaka ukibadilishe. Mistari ya vichwa unaweza kuwa nayo mpaka kumi, TITLE1 hadi TITLE10, na ukiandika upya mstari wa namba fulani ile yenye namba kubwa zaidi yake inafutika yote.

Ndugu zake #byval wapo wawili, #byvar inayochapa jina au lebo ya safu yenyewe, na #byline inayochapa ule mstari mzima. Mimi #byval inanitosha karibu kila siku. Ukiandika jina la safu ambayo haipo kwenye BY, au umekosea herufi, kichwa kitatoka na neno #BYVAL lenyewe limechapwa vilevile, ukiliona hilo usihangaike kutafuta mbali, rudi kwenye herufi zako.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo naiogopa zaidi ya ile ya Uvinza. Ile ya Uvinza mtu anaiona, anapiga simu. Hii ya sasa haionekani.

Mkoa wetu una Kasulu mbili, Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Una Kigoma mbili pia, Manispaa ya Kigoma Ujiji na Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Mtu aliyekulia hapa hawezi kuzichanganya, ila kompyuta inaweza, tena kimyakimya. Tuseme data imekuja na namba za utambulisho 1 mpaka 8 na wewe unataka majina, unaandika:

data vipimo;
  set ghafi;
  if namba=1 then halm='Buhigwe';
  else if namba=2 then halm='Kakonko';
  else if namba=3 then halm='Kasulu Mji';
  else if namba=4 then halm='Kasulu Wilaya';
  else if namba=5 then halm='Kibondo';
  else if namba=6 then halm='Kigoma Ujiji';
  else if namba=7 then halm='Kigoma Wilaya';
  else if namba=8 then halm='Uvinza';
run;

Hesabu herufi za Buhigwe. Ni saba. SAS inapanga urefu wa safu ya maneno kwa kuangalia neno la kwanza inalokutana nalo wakati inasoma programu, na hapa la kwanza ni Buhigwe, kwahiyo safu nzima ya halm ina nafasi saba basi. Kakonko inaingia, Kibondo inaingia, Uvinza inaingia na nafasi inabaki. Lakini Kasulu Mji inakatwa inabaki "Kasulu" na nafasi moja tupu, Kasulu Wilaya nayo inabaki "Kasulu" hiyohiyo, na Kigoma Ujiji na Kigoma Wilaya zote zinakuwa "Kigoma". Halmashauri nane zimekuwa sita! Programu inakimbia mpaka mwisho bila mstari mwekundu hata mmoja kwenye logi (pale SAS inapoandika ujumbe wake), vichwa vinatoka vizuri, vimekaa katikati, vinapendeza, na chini yake vituo vya Mji na vya Wilaya vimekaa meza moja. Mtu wa Mji akisoma ataona watu waliopimwa ni wengi kuliko alivyotegemea na huenda akafurahi.

Dawa ni mstari mmoja kabla ya ule msururu wa if:

  length halm $ 40;

Ila kuna mlango mwingine wa hatari hiyohiyo, nao ni fomati. SAS ina PROC FORMAT inayokuruhusu kuacha data na vifupisho vyake halafu ukavalisha majina kamili wakati wa kuchapa, na kwa kazi ya vichwa mimi naona hii ndo njia safi kuliko zote, kwa sababu #byval inachapa lile jina lililovalishwa, haichapi kifupisho. Na halmashauri zetu hazianzi kwa neno moja, moja ni Manispaa, moja ni Mji, sita ni za Wilaya, kwahiyo huwezi kuandika "Halmashauri ya Wilaya ya #byval(halm)" ukadhani umemaliza, utakuwa umeishusha Manispaa cheo. Jina zima liwe ndani ya fomati:

proc format;
  value $jina
   'BHG'='Halmashauri ya Wilaya ya Buhigwe'
   'KAK'='Halmashauri ya Wilaya ya Kakonko'
   'KBD'='Halmashauri ya Wilaya ya Kibondo'
   'KGU'='Manispaa ya Kigoma Ujiji'
   'KGW'='Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma'
   'KSM'='Halmashauri ya Mji wa Kasulu'
   'KSW'='Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu'
   'UVZ'='Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza';
run;

Halafu ndani ya PROC PRINT unaongeza format halm $jina.; na title yako inabaki "Vipimo vya malaria, #byval(halm)". Vifupisho hivyo ni vya kwangu tu, weka vyako.

Hatari iko wapi sasa? Iko hapa: PROC zinapogawa makundi zinaangalia thamani ILIYOVALISHWA fomati. Ukiwa mvivu ukaandika 'KSM'='Kasulu' na 'KSW'='Kasulu', na kwenye mpangilio zimekaa jirani, SAS itaziona kama kundi moja na itaziunganisha. Na zikiwa haziko jirani, labda umepanga kwa namba za zamani ambapo Kibondo inaingia katikati, utapata ukurasa wa Kasulu, wa Kibondo, halafu wa Kasulu tena, na msomaji hajui Kasulu ipi ni ipi. Data step yenyewe haifanyi hivi, yenyewe inaangalia thamani ghafi mpaka uiambie GROUPFORMAT, kwahiyo unaweza kuhesabu makundi nane kwenye data step halafu PROC ikakuchapia sita, na ukakesha unatafuta mawili yaliyopotea.

Ndo maana siku hizi kabla ya kuchapa chochote nakimbiza PROC FREQ (inayohesabu kila thamani imetokea mara ngapi) kwenye halm, pamoja na fomati yake, nahesabu mistari. Kwa Kigoma nataka nane. Kwa Tabora nako ni nane, na wao wana Nzega mbili, Mji na Wilaya, kwahiyo kaka zangu wa kule mtego ni uleule. PROC FREQ pia inakuonyesha kama kuna mistari ambayo halm iko tupu. Thamani tupu kwenye SAS zinapangwa mwanzo kabisa, ina maana ukurasa wako wa kwanza, ule ambao bosi anaufungua, ndo utakaokuwa na kichwa kinachosema "Vipimo vya malaria," halafu baada ya mkato hakuna kitu. Kama safu ni ya namba utaona nukta peke yake. Ukiona hivyo usifute mistari ile haraka haraka, ni vituo ambavyo mtu alisahau kujaza halmashauri, rudi kwenye vitabu vya MTUHA (rejesta za takwimu za vituo vya afya) ukaulize ni vya nani.

Na ukisahau PROC SORT kabisa SAS itakataa, itakwambia kwenye logi kwamba data haijapangwa na itakutajia kundi ilipokwama. Hiyo ni nzuri, kosa linalopiga kelele halina shida.

Kuna swali naulizwa sana: vipi kama nataka kwenye kichwa kuwe na kitu zaidi ya jina, mfano idadi ya rekodi za hiyo halmashauri? Wengi hapo ndo wanakimbilia makro, na wengine wanaandika makro ya mistari sitini. Haihitajiki. Kichwa ni maneno, na maneno yanaweza kukaa kwenye safu kama data nyingine yoyote, kwahiyo tengeneza sentensi nzima ya kichwa ndani ya data halafu iweke kwenye BY:

proc sql;
  create table v2 as
  select *, count(*) as idadi
  from vipimo
  group by halm
  order by halm;
quit;

data v3;
  set v2;
  length kichwa $ 120;
  kichwa = catx(' ', put(halm, $jina.), '- rekodi', idadi);
run;

options nobyline;
title "Vipimo vya malaria: #byval(kichwa)";
proc print data=v3 noobs;
  by halm kichwa;
  var kituo mwezi waliopimwa;
run;

Kwa kuwa kila halmashauri ina kichwa kimoja tu, kuongeza kichwa kwenye BY hakuongezi makundi, yanabaki yaleyale, ila sasa unaweza kuita #byval(kichwa) na sentensi inatoka kamili. Unaweza kuweka mwezi wa kwanza na wa mwisho wa data ya hiyo halmashauri, unaweza kuweka neno "takwimu hazijakamilika" kwa wale tu ambao hawajaleta fomu zote, chochote. Mimi nilipoielewa hii nilifuta makro zangu nyingi, na nakushauri uianze mapema kuliko nilivyoianza mimi.

Makro inabaki na kazi yake pale ambapo kila kundi linahitaji kitu tofauti zaidi ya kichwa, mfano faili lake peke yake la kutumiwa kwa barua pepe, au Manispaa wana jedwali la ziada ambalo wengine hawana. Hapo unaandika makro ndogo inayopokea halmashauri moja, ndani yake title na PROC yenye where, na unaiita mara nane:

%macro ripoti(h);
  title "Vipimo vya malaria, &h";
  proc print data=vipimo noobs;
    where halm="&h";
    var kituo mwezi waliopimwa;
  run;
  title;
%mend;
%ripoti(Kibondo)

Hapa &h inafanya kazi sawasawa kwa sababu kila ukiiita title inasomwa upya, yaani unabandika bango jipya kwa kila safari. Alama za kunukuu ziwe mbilimbili, " ", ukitumia zile moja moja ' ' makro haijazwi na kichwa kitatoka kimeandikwa &h. #byval haina shida hiyo, yenyewe inajazwa kwenye alama zozote.

Wanaotumia R, shida ya kichwa kung'ang'ania haipo sana kwa sababu kila grafu inabeba kichwa chake, unazunguka kundi kwa kundi na kuunganisha maneno kwa paste0. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba ndani ya mzunguko wa for grafu ya ggplot2 haitokei mpaka uiandikie print, wanapata ukimya na kudhani kichwa ndo kimeharibu. Kwa Stata, levelsof inakusanyia majina na foreach inazunguka, jina linaingia kwenye title ya kila grafu. Wazo ni lilelile, jiulize tu jina linajazwa kabla ya mzunguko au ndani yake.

Cha mwisho ni Excel, maana maofisini ukweli ni kwamba wanataka Excel. ODS EXCEL (njia ya SAS ya kutoa matokeo kama faili la Excel) inaweza kukupa karatasi moja kwa kila kundi, unaweka SHEET_INTERVAL kuwa BYGROUP na SHEET_NAME kuwa #byval(halm). Ila usishtuke ukifungua faili ukakuta vichwa havipo, kwa kawaida vinaenda kwenye sehemu ya juu ya karatasi inayoonekana wakati wa kuprinti tu, mpaka uweke EMBEDDED_TITLES kuwa YES ndo vinakaa ndani ya karatasi yenyewe. Na jina la karatasi kwenye Excel halizidi herufi 31 pamoja na nafasi. "Halmashauri ya Wilaya ya Uvinza" ni 31 kamili, inapita. "Halmashauri ya Wilaya ya Kakonko" ni 32, na Buhigwe na Kibondo nazo 32. Kwahiyo tengeneza safu nyingine ya jina fupi, iite fupi, iweke kwenye BY nyuma ya halm, SHEET_NAME ichukue #byval(fupi) na kichwa kiendelee na jina refu. Kwenye hilo fupi Kasulu Mji ibaki Kasulu Mji, na Kasulu Wilaya ibaki Kasulu Wilaya.